Kisia Kwanza, Kanuni Baadaye: Kwa Wanaoanza Uhandisi

Mwanafunzi wa uhandisi anayerudi Pasua, Moshi, likizo akiwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya viowevu mara nyingi si mbovu wa hesabu. Matokeo yake ya kidato cha sita yanashuhudia, na ukimpa mlinganyo mtupu ataufungua kama mtu anayemenya ndizi. Kinachomwangusha ni kuikimbilia kanuni kabla hajakitazama kitu chenyewe. Akiona neno bomba, anaandika Bernoulli. Akiona ukuta, anaandika Fourier. Akipata jibu kwamba maji ya koki ya jikoni yanatoka kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde, analipigia mstari mara mbili na kuhamia swali linalofuata, wala hajiulizi kama koki hiyo ingemng'oa mama vidole.

Ushauri wangu umesimama juu ya tabia moja. Kabla hujaandika kanuni yoyote, kisia jibu, uliandike kwa penseli kwenye kona ya karatasi. Ukimaliza kukokotoa, linganisha. Majibu yakipishana mara mbili, endelea kwa amani. Yakipishana mara 100, basi umeteleza mahali: ama kwenye hesabu, ama kwenye picha uliyonayo kichwani ya jinsi maji na joto vinavyokwenda. Hilo la pili ndilo ulilopelekwa chuoni ukarekebishwe.

Lakini mtu hakisii asichowahi kukipima, na hapo ndipo mtoto wa Pasua alipobahatika. Nyumbani kuna simtanki juu ya mnara wa vyuma. Ukishuka kuelekea Mabogini unakutana na mifereji ya mpunga. Ukiinua macho asubuhi, mlima uko pale pale, na presha ya hewa inapungua kila hatua unayopanda. Maabara ya namna hii vyuo vingi havina.

Tuanze na tangi. Tuseme kutoka uso wa maji ndani ya tangi hadi koki ya uani ni mita 3 za kwenda chini. Bomba ni la nusu inchi, kipenyo cha ndani milimita 15, urefu mita 12, na lina elbo tano. Swali: ndoo ya lita 20 itajaa kwa muda gani?

Mwanafunzi wa wiki ya tatu anaandika Bernoulli, anafuta kila anachoweza kufuta, anabaki na kasi sawa na kipeuo cha pili cha mbili mara g mara kimo. Anapata mita 7.7 kwa sekunde. Anazidisha kwa eneo la bomba, anapata lita 1.36 kwa sekunde. Ndoo imejaa kwa sekunde 15. Hesabu haina kosa hata moja, ila jibu ni la uongo, na kila mtoto aliyewahi kutumwa maji analijua hilo. Ndoo kwenye koki ya namna hiyo inachukua dakika moja na nusu hivi.

Hizo sekunde nyingine zimekwenda wapi? Bernoulli katika sura yake ya kwanza haina msuguano. Nishati yote ya kimo inageuzwa kuwa mwendo, na hakuna kinachopotea njiani. Kwenye bomba letu karibu yote inapotea njiani. Chukua kigezo cha msuguano cha 0.03, zidisha kwa urefu, gawa kwa kipenyo: unapata 24. Elbo tano zinaongeza kama 4.5, mdomo wa kuingilia nusu, koki yenyewe, ikiwa ni ile ya kuzungusha yenye wosha ndani, kama 10, na 1 ya mwendo wa maji yanayotoka. Jumla ni 40. Kasi ya awali inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 40, inabaki mita 1.2 kwa sekunde. Ndoo inajaa kwa sekunde 93. Sasa angalia ile 1 ya mwisho ndani ya 40. Bernoulli mtupu alikuwa akihesabu hiyo moja peke yake.

Usiishie hapo. Kokotoa namba ya Reynolds, uone inafika kama 18,000, kwa hiyo mtiririko ni wa vurugu na kile kigezo cha 0.03 kwenye chati ya Moody hakijaokotwa hewani. Kisha rudia hesabu kwa bomba na koki za robo tatu inchi. Muda unashuka hadi sekunde 50 hivi. Robo inchi tu imekata karibu nusu ya muda, na sasa unaelewa kwa nini fundi mzoefu anagombana na mwenye nyumba anayebana matumizi kwenye kipenyo cha bomba huku akinunua tangi kubwa zaidi. Tangi la lita 5,000 halitoi presha kubwa kuliko la lita 1,000 kama uso wa maji uko kimo kile kile. Mita 3 ni kilopaskali 29, kama sehemu tatu za kumi za baa, hata ungeweka juu yake bwawa la Nyumba ya Mungu. Kosa hili liko mitaani na liko kwenye karatasi za mitihani vile vile.

Baada ya hapo nenda kapime. Ndoo, saa ya simu, futi kamba ya kupimia mabomba. Ukipata sekunde 80 au 110, furahi: umekaribia. Ukipata 200, tafuta uchafu kwenye koki au geti valvu lililofunguliwa nusu. Chuoni utaambiwa hilo linaitwa upotevu mdogo. Nyumbani utaona kwamba hauna udogo wowote.

Jambo linaloandamana na hili ni mpaka. Kabla ya kanuni, chora mstari wa nukta kuzunguka kile unachokihesabu, uweke mishale ya kinachoingia na kinachotoka. Wanafunzi wengi wanadharau mchoro kwa sababu kidato cha nne hadi cha sita waliupata bure, umechapwa tayari kwenye swali. Kwenye uhandisi mchoro ni kazi yako, na nusu ya mabishano kwenye vikundi vya kujisomea huisha pale kila mmoja anapoonyesha mpaka wake ameuweka wapi. Mmoja ameanzia juu ya tangi, mwingine kwenye mdomo wa bomba, na wote wawili wana haki.

Vizio nitavipitia haraka, maana mmeshapigiwa kelele vya kutosha. Duka la vifaa linauza kwa inchi, geji ya pampu inasoma kwa baa au psi, kibao cha pampu kinaandika mita za kimo na lita kwa dakika, na kitabu kinataka paskali na mita za ujazo kwa sekunde. Andika kizio pembeni ya kila namba, kwenye kila mstari, si kwenye jibu la mwisho tu. Inachosha, lakini sapu inachosha zaidi.

Kuna jozi moja ya vizio inayostahili aya yake: presha ya geji na presha kamili. Geji inasema sifuri ikiwa mezani, ingawa hewa inaikandamiza pande zote. Pwani hewa hiyo ni kilopaskali 101. Moshi mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 800, ni 92 hivi. Kwenye swali la kawaida la bomba tofauti hii haikuumizi, kwa sababu hewa iko pande zote mbili za mlinganyo na inajifuta. Inakuumiza kwenye pampu ya kuvuta. Pampu iliyo juu ya kisima haivuti maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa kwenye bomba, halafu hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Kwa kilopaskali 92, hewa ya Moshi haiwezi kuyasukuma zaidi ya mita 9 na kitu hata kwa pampu isiyo na kasoro, na ukitoa msuguano na mvuke, unaahidi mita 6 au 7. Anayekuuzia pampu ya juu kwa kisima chenye maji mita 15 chini anakuuzia chuma. Hapo inatakiwa pampu ya kuzama.

Presha kamili ndiyo inayoamua maji yachemke kwenye nyuzi ngapi pia. Waulize wapishi wanaopanda mlima na wageni. Moshi maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, kibanda cha Horombo, mita 3,720, kwenye 88, Kibo, mita 4,720, karibu 85, na kileleni Uhuru, mita 5,895, karibu 81. Maharage ya Horombo hayaivi upesi hata ukiongeza moto, kwa sababu moto wa ziada unatengeneza mvuke tu na nyuzi zinabaki zile zile. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho hatasahau tena kwamba jedwali la mvuke linasomwa kwa presha kamili. Asiyeliona ataweka namba ya geji na kujikuta na maji yanayochemka mahali pasipowezekana.

Sasa tushuke kwenye mifereji. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa fedha za Japani na kukamilika mwaka 1987, ikichukua maji ya Njoro na mto Rau kupeleka mashamba ya mpunga. Ujuzi wa mifereji haukuanzia hapo: milimani Wachagga walichimba mifongo kwa karne nyingi, mifereji inayozunguka kingo za mabonde kwa mteremko mdogo kiasi kwamba maji yanatembea bila kumomonyoa udongo, na kila ukoo ulijua zamu yake. Mteremko ukizidi, maji yanakula mfereji. Ukipungua, tope linaujaza. Kanuni ya Manning utakayofundishwa inasema hayo hayo kwa herufi.

Jaribio lake ni la bei ya bure. Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, pima mita 10 ukingoni, tupa jani kavu juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde hadi alama ya pili. Rudia mara kadhaa, chukua wastani. Tuseme ni sekunde 20, yaani nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu yanakwenda haraka kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, kwa hiyo zidisha kwa 0.85. Ukipata upana sentimita 60 na kina sentimita 20, mfereji unapitisha kama lita 51 kwa sekunde. Simama ukingoni na kina ukipime kwa fimbo. Usiingie peku, kichocho kiko kwenye mifereji ya mpunga na hakijui kwamba wewe ni mhandisi mtarajiwa.

Uhamishaji wa joto una mtego wa namna yake. Njia tatu mmezijua tangu shule ya msingi: mpitisho, msafara na mnururisho. Kinachokosekana ni kujua ipi inatawala kwenye swali ulilonalo, na hapo pia dawa ni kukisia kabla ya kukokotoa.

Mfano uko juu ya vichwa vyetu. Saa nane mchana Februari, nyumba ya bati isiyo na dari Pasua haikaliki. Mwanafunzi anapewa swali la paa, anakimbilia mpitisho, anatumia nusu ukurasa kukokotoa joto linavyopenya chuma. Bati la milimita 0.3, gawa kwa uwezo wa chuma kupitisha joto, wati 50 hivi kwa mita kwa nyuzi: ukinzani ni 0.000006. Utando wa hewa tulivu chini ya bati, kwa makisio ya wati 8 kwa mita ya mraba kwa nyuzi, una ukinzani wa 0.125. Hewa inazuia kama mara 20,000 kuliko chuma. Nusu ukurasa wote ule ungefutwa kwa mstari mmoja: bati halihesabiki. Muuzaji atakayekwambia geji nene inapunguza joto ndani anasema kweli kuhusu mvua ya mawe na upepo, siyo kuhusu joto. Dari ya jipsamu ya milimita 9 inaongeza ukinzani wa 0.05, na nafasi ya hewa juu yake inaongeza zaidi ya hapo, hasa ikiwa ina matundu ya kupumulia.

Kwa hiyo kwenye kila swali la kuta, mabomba na matangi, orodhesha vikinzani vyote kwanza, kwa makadirio tu. Kilicho kikubwa kuliko vingine ndicho chenye swali. Vile vidogo sana viandikie sentensi ya kuvisamehe, usonge mbele. Msahihishaji anayeona sentensi hiyo anajua anasoma kazi ya mtu anayefikiri.

Kwenye mnururisho, Kelvini. Bati kuukuu lenye kutu likifika nyuzi 60, ni Kelvini 333, na ukipandisha hadi kipeo cha nne na kuzidisha kwa vigezo vya mnururisho unapata kama wati 630 zinazotoka kwenye kila mita ya mraba. Mwenzako aliyepandisha 60 amepata chini ya wati moja. Angekisia, angejua: wati moja haimpashi mtu joto, na yeye mwenyewe amekaa chini ya bati hilo jasho likimtiririka. Kwenye mpitisho na msafara huna haja ya kubadili, kwa sababu unatumia tofauti ya nyuzi, na tofauti ni ile ile kwa vizio vyote viwili. Kujua lini ubadili na lini usijisumbue ni bora kuliko kubadili kila mara kwa woga.

Nikizungumzia joto siwezi kumruka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, nafasi kwenye jokofu zikigombewa, naye akaweka yake ya moto bila kusubiri ipoe. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambayo haikuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa, na darasa likaendelea kumtania kwa fizikia yake. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, mhadhiri Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alitembelea shule, Mpemba akasimama na kuuliza swali lile lile mbele ya wenzake waliocheka. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na wakati huo Mpemba alikuwa anasomea wanyamapori chuo cha Mweka, hapa hapa kwenye miteremko juu ya Moshi.

Hadithi hii husimuliwa ili kuwatia moyo wanafunzi, kisha inaachwa hapo. Mimi naona nusu yake ya pili ina faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa uhandisi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakihoji kama jambo hilo lipo kweli. Walionyesha, pamoja na mengine, kwamba kusogeza kipima joto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunatosha kukupa matokeo yanayofanana na ya Mpemba wakati hakuna kitu. Mabishano yanaendelea hadi leo, kwa sababu kupoa kuna mvuke, msafara ndani ya maji, barafu ya jokofu chini ya chombo, na hata maana ya kuganda: je, ni tone la kwanza la barafu au chombo kizima? Ukipima uji unavyopoa jikoni kwenu, andika kipima joto kilikuwa kina gani, bakuli lilifunikwa au la, dirisha lilikuwa wazi au la. Mfuniko peke yake utakubadilishia mstari wa grafu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto la uji inaondoka na mvuke.

Kuhusu kusoma kwenyewe, nina machache. Madesa ya waliotangulia yana majibu sahihi ya maswali ya mwaka mwingine. Yatumie kupima kasi yako, usiyakariri. Simu itakutatulia swali lolote sasa hivi, na mara nyingi vizuri, ila kisia jibu kabla ya kuiuliza, vinginevyo siku ikikupa mita 70 kwa sekunde utaipokea kwa mikono miwili. Kwenye kikundi, watu wanne wanatosha. Mmoja aeleze swali kwa Kiswahili cha kawaida, bila herufi hata moja, kabla mwingine hajashika kalamu. Mtihanini, dakika tano za kwanza zitumie kuchora michoro ya maswali yote utakayojibu. Hata ukiishiwa na muda, mchoro wenye mpaka, mishale na vizio una alama zake.

Na usiende ofisini kwa mhadhiri ukisema huielewi sura ya saba. Atakurudia sura ya saba, na utatoka ulivyoingia. Nenda na namba mbili zinazogombana. Mwambie jani limekupa lita 51 kwa sekunde kwenye mfereji wa Mabogini, lakini Manning, kwa ukwaru wa 0.02 na mteremko ulioupima, inakupa 76, na huoni lita 25 zimeyeyukia wapi. Atavuta kiti, na kitu cha kwanza atakachotaka kujua ni kama mfereji huo umeota nyasi.